Rekoda ya CCTV Ikigoma Baada ya Apdeti, Kufomati Ndio Iwe Neno la Mwisho

Kuna sentensi moja ikitamkwa mbele ya rekoda ya CCTV iliyokwama, mimi hushika kichwa: "Hii tufomati tu, tuanze upya." Kawaida inasemwa na mtu aliyeitwa kurekebisha, apdeti imegoma katikati, na mwenye ploti anakubali haraka kwa sababu anataka tu kamera zirudi. Shida ni kwamba usiku wa juzi kuna pikipiki iliibwa hapo nje. Na video ya hiyo pikipiki ikiondoka ilikuwa bado iko ndani ya hilo boksi, nzima kabisa, hadi hiyo sentensi ilipotamkwa.

Leo naongea historia ya kitu kidogo: mlango wa nyuma ambao mashine nyingi za kisasa huachiwa na waliozitengeneza, ili siku zikizimia mtu aweze kuingia na kuziamsha. Rekoda yako huenda inao. Simu yako huenda inao. Gari-roboti la NASA kule Mars lilikuwa nao, na ndio ulioliokoa. Ukijua huo mlango ulitoka wapi, utajua pia kwa nini mtu hapaswi kukimbilia kufomati.

Boksi moja, kumbukumbu mbili

Tuanze na anatomia kidogo. Fungua rekoda ya kawaida ya kamera nne, ile unapata Luthuli Avenue, na utaona vitu viwili vyenye kumbukumbu. Cha kwanza ni diski kuu, ule mstatili mzito wa chuma ulioshikwa na skrubu. Video zinalala hapo. Cha pili ni chipu nyeusi, mara nyingi ya miguu minane, ndogo kuliko ukucha wako. Hiyo ndiyo inabeba famuwea, ama programu dhibiti ukipenda Kiswahili cha darasani. Ni maagizo ambayo boksi linasoma kila likiwashwa: wewe ni nani, kamera ziko wapi, diski iko wapi, onyesha menyu.

Sasa piga hesabu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 86 na kitu. Diski ya terabaiti 1 itajaa kwa siku kama 11, halafu rekoda ianze kufuta za zamani ili iandike mpya. Chipu ya famuwea nayo? Kwa rekoda nyingi za bei ya chini ni megabaiti 16 ama hata 8. Picha nne tano za simu yako zinaijaza.

Apdeti ikigoma, kinachoharibika ni hicho kidude cha megabaiti 16. Diski ya terabaiti haikuhusika. Kwa hivyo mtu akikuambia rekoda imekufa, muulize ni sehemu gani imekufa. Hilo swali moja linaweza kuokoa kesi nzima.

Muuguzi wa Queens

Kamera za kuangalia watu kwa mbali zilianza kwa wenye nguvu. Mwaka 1942 Wajerumani walitumia mfumo uliojengwa na mhandisi Walter Bruch kutazama makombora ya V-2 yakirushwa Peenemünde bila wao kusimama karibu. Kamera ya nyumbani ina asili tofauti, na hiyo asili naipenda sana.

Miaka ya 60, mtaa wa Jamaica, Queens, New York, kulikuwa na muuguzi Mweusi anayeitwa Marie Van Brittan Brown. Kazi yake ilikuwa ya zamu zisizoeleweka. Mume wake Albert, fundi wa elektroniki, pia hakuwa nyumbani kila usiku. Mtaa ulikuwa na uhalifu, na polisi wakiitwa walichelewa. Mwaka 1966 wawili hao waliomba hataza ya mfumo wao: mlango wenye matundu manne ya kuchungulia kwa urefu tofauti, kamera inayopanda na kushuka nyuma yake, televisheni ya kuona aliye nje, maikrofoni ya kuongea naye, na vitufe vya kufungua mlango ama kuita msaada. Hataza ilitoka Desemba 2, 1969.

Ukiishi Kayole ama Githurai, hauhitaji kuelezwa zaidi. Kamera ya nyumbani ilibuniwa na mama aliyechoka kungoja polisi.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, video za kamera zilirekodiwa kwa kaseti. Mashine ikileta shida, unatoa kaseti, unaipeleka kwa mashine ingine, unaona ulichotaka. Hakuna mtu alichanganya mashine na kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu ulikuwa unaishika kwa mkono. Diski ilipofungiwa ndani ya boksi moja na kila kitu kingine, huo uelewa ukatupotea. Sasa taa ya boksi ikizima tunadhani kila kitu kimeenda.

Programu iliyo katikati

Neno famuwea lilibuniwa na Mmarekani Ascher Opler mwaka 1967, kwa makala katika jarida la Datamation. Kulikuwa na vifaa vyenyewe, ambavyo ni vigumu, na programu, ambazo ni laini. Yeye alitaka jina la kitu cha katikati: programu iliyoshikana na kifaa.

Kwa muda mrefu famuwea ilikuwa haibadilishwi ovyo. Chipu nyingi ziliandikwa kiwandani mara moja tu. Kosa likipatikana, unang'oa chipu na kuweka ingine. Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel akaleta EPROM, chipu yenye kidirisha cha kioo juu. Ukitaka kuifuta unaianika chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika kadhaa, kisha unaandika upya. Mafundi walikuwa wanabandika stika juu ya hicho kidirisha ili mwanga usiingie ukafuta kazi yao.

Halafu mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, akaeleza dunia kumbukumbu mpya inayofutika kwa umeme, kipande kikubwa kwa mara moja, haraka sana. Mwenzake Shoji Ariizumi alisema kufutika huko kunamkumbusha mwako wa flashi ya kamera. Jina likashika hadi leo: flashi.

Hapa ndipo unaelewa venye apdeti inaua. Bloku ya flashi lazima ifutwe yote kwanza, ndio iandikwe upya. Kati ya kufuta na kuandika kuna muda ambapo chipu haina programu ya zamani na haijapata mpya. Stima ikipotea hapo, ama mtu achomoe waya akidhani imekwama, unabaki na boksi lililoamka bila kujua jina lake. Hata stima isipopotea, faili likiwa la modeli nyingine matokeo ni yale yale. Mafundi wanasema imekuwa tofali.

Zamani huwezi kuharibu programu ya mashine bila bisibisi mkononi. Flashi ilituruhusu kurekebisha mashine bila kuifungua, na ikaja na deni lake: sasa unaweza kuiua pia bila kuifungua.

Aprili 26, 1999

Aliyeionyesha dunia hilo deni alikuwa Chen Ing-hau wa Taiwan. Mwaka 1998, akiwa mwanafunzi, aliandika kirusi kilichokuja kuitwa CIH, herufi za jina lake. Aprili 26, 1999 kikalipuka kwenye kompyuta za Windows, hasa Asia. Kilifanya mambo mawili: kiliandika takataka mwanzoni mwa diski, na kikajaribu kuharibu chipu ya BIOS, ile famuwea inayoiamsha kompyuta. Pale kilipofaulu, ukibonyeza swichi unapata skrini nyeusi tu. Dawa ilikuwa kung'oa chipu na kuiandika upya kwa mashine maalum, ama kununua bodi ingine.

Tarehe iligongana na kumbukumbu ya ajali ya Chernobyl, kwa hivyo wengi wakakiita kirusi cha Chernobyl.

Miaka hiyo hiyo watengenezaji wa bodi walianza kuchukulia hili jambo kwa uzito. Gigabyte waliweka chipu mbili za BIOS kwenye bodi moja, ya pili ikingoja siku ya kwanza itakapoharibika. Wengine waliacha sehemu ndogo mwanzoni mwa chipu ambayo apdeti ya kawaida haiigusi. Wazo ni lile lile: usiwahi kufuta kila kitu kwa wakati mmoja. Acha kitu kimoja kidogo, kijinga, kinachojua tu kuomba msaada.

Mars, 2004

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali kidogo. Gari-roboti la Spirit lilitua Mars Januari 2004. Januari 21, kabla hata ya wiki tatu kuisha, likaacha kuongea vizuri. Wahandisi wa JPL kule California walikuja kugundua linajiwasha, linakwama, linajiwasha tena, zaidi ya mara 60. Kiini cha shida kilikuwa flashi yake. Mafaili yalikuwa yamekuwa mengi mno, na kila likiamka mfumo ulijaribu kuyapanga yote kwa kumbukumbu ya kazi, nafasi inaisha, linaanza upya. Kama umewahi kuona rekoda inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo tena, basi umeiona shida ya Spirit ukiwa sebuleni.

Kilichowaokoa ni kwamba kulikuwa na njia ya kuliambia gari liamke bila kugusa flashi kabisa. Amri ikatumwa, nalo likaamka, kilema lakini lenye akili. Kutoka hapo waliweza kuchunguza, wakafuta mafaili, na baadaye wakaifomati flashi. Gari lililopangiwa siku 90 za Mars liliendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010.

Tazama mpangilio wao. Kwanza amsha. Pili elewa. Kufomati kulikuja mwishoni, baada ya kujua shida ni gani. Hawa ni watu ambao hawangeweza hata kulifikia lile gari. Sisi tuko na rekoda mezani, tena tuko na haraka kuwaliko.

Waliouchonga mlango

Mlango wa rekoda yako una majina mawili ya kukumbuka.

La kwanza ni TFTP, njia ndogo sana ya kutuma faili kwa mtandao. Noel Chiappa alifanya kazi ya awali, na mwaka 1981 Karen Sollins wa MIT akaandika maelezo yake katika waraka wa RFC 783. Haina nenosiri. Haina orodha ya mafaili. Inatuma kipande cha baiti 512, inangoja iambiwe "nimepata," inatuma kingine. Faili la megabaiti 16 ni vipande 32,768 vinavyoenda kimoja kimoja. Huo urahisi ndio uliifanya idumu, kwa sababu inatoshea hata kwenye kona ndogo ya chipu.

La pili ni U-Boot. Mjerumani Wolfgang Denk aliiendeleza kwanza kwa jina la PPCBoot, na mwaka 2002 ikapata jina la sasa. Ni programu huria, na iko ndani ya rekoda na kamera nyingi za bei nafuu. Kazi yake ni kuamka wa kwanza, kukagua kumbukumbu, kisha kuiita Linux ianze kazi. Lakini kabla ya kuita, mara nyingi inangoja sekunde chache kuona kama kuna mtu anabonyeza kitufe. Hizo sekunde chache ndizo mlango wenyewe. Wengi wetu tuko na rekoda kwa nyumba miaka mitano na hatujui kila ikiwashwa inatuuliza kama tuko salama.

Watu wa kawaida walianza kuutumia huo mlango kwa ruta. Linksys walitoa ruta ya WRT54G mwishoni mwa 2002, na mwaka uliofuata watu wakagundua ndani yake kuna Linux. Leseni ya GPL inadai anayesambaza programu hiyo atoe pia msimbo wake, na kampuni ikautoa. Mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza. Vijana kila kona wakaanza kuweka famuwea zao wenyewe, wakageuza ruta kuwa matofali, wakazifufua kwa TFTP, na muhimu zaidi, wakaandika walichofanya. Fundi anayefufua rekoda leo mjini Nairobi anatembea kwa njia iliyochimbwa na hao watu.

Basi si tuache tu apdeti?

Hapana. Na sababu yake inahusu rekoda moja kwa moja.

Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizunguka intaneti kikitafuta kamera na rekoda ambazo bado zilikuwa na nenosiri la kiwandani. Kilikuwa na orodha ya majina na nenosiri 60 na kitu tu, na zilitosha. Oktoba 21, 2016 vifaa hivyo, vikiwemo rekoda za watu wasio na habari, vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na kwa saa kadhaa Twitter, Netflix na Reddit hazikufikika kwa watu wengi. Kampuni ya China ya XiongMai, ambayo vipuri vyake vilikuwa ndani ya vifaa vingi vilivyotekwa, ikatangaza kurudisha baadhi ya bidhaa zake. Mwaka 2017 ikaja BrickerBot, ambayo mwenyewe alisema anavigeuza vifaa vibovu kuwa matofali makusudi ili Mirai isivipate.

Kwa hivyo rekoda isiyopata apdeti inaweza kuwa inafanyia mtu mwingine kazi usiku. Mimi msimamo wangu ni huu: fanya apdeti, lakini fanya kama mtu anayejua inaweza kugoma. Toa nakala ya video muhimu kwanza. Hakikisha faili ni la modeli yako hasa, hadi herufi ya mwisho. Weka rekoda kwa UPS hata ya kuazima. Hii nchi imeshaona karibu taifa zima likiingia gizani kwa mpigo, Agosti 25, 2023. Dakika kumi za stima ya uhakika si anasa.

Ukiwa mbele ya tofali

Imeshagoma. Sasa tufanye kama watu wa Spirit.

Zima. Andika tarehe, saa, modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, na ulichokuwa unafanya ilipokwama. Toa diski na uiweke kando. Kuanzia hapo, chochote utakachofanyia boksi hakiwezi kugusa video.

Kisha washa bila diski. Rekoda nyingi ndogo zinatumia adapta ya volti 12, na adapta iliyochoka inaweza kuwasha taa lakini ishindwe pale diski inapoanza kuzunguka. Ikiwaka vizuri bila diski, jaribu adapta nzima kabla ya kulaumu apdeti.

Ikiwa bado ni tofali, tafuta maelezo ya ufufuaji ya chapa yako. Baadhi zinasoma faili kutoka kwa flashi ya USB iliyo kwenye muundo wa FAT32, mradi faili liwe na jina lile lile linalotarajiwa. Zingine zinatumia TFTP. Hikvision, kwa mfano, wana njia inayojulikana sana: laptopu unaipa anwani 192.0.0.128, kifaa chenyewe kikiamka kinajipa 192.0.0.64, na faili lazima liitwe digicap.dav. Unaanzisha programu ya TFTP kwenye laptopu, unaruhusu ngome ya Windows iipitishe, halafu ndio unawasha kifaa. Pitisha kebo kwa swichi ndogo, laptopu isipoteze mtandao wakati kifaa kinaamka. Kisha ngoja. Mkono mbali na waya hadi iseme imemaliza.

Hiyo ikikataa, kuna ngazi ya tatu: waya tatu kwenye bodi, yaani kutuma, kupokea na ardhi, kupitia kidude cha USB cha volti 3.3, mara nyingi kwa kasi ya 115200. Hapo unaiona U-Boot ikiongea kwa maandishi, na unaweza kuisimamisha ndani ya zile sekunde zake. Usitumie volti 5, utaiua kweli.

Ngazi ya mwisho ni kuishika chipu yenyewe kwa klipu na kuiandika kwa kifaa kama CH341A. Kuna toleo jeusi la CH341A linalojulikana kwa kupitisha volti 5 kwenye nyaya za data, kwa hivyo lipime kwanza. Na kabla ya kuandika chochote, soma chipu na uhifadhi kilichomo, hata kama unaamini ni takataka, kwa sababu humo kunaweza kuwa na namba ya kifaa na anwani yake ya mtandao.

Ngazi hizi mbili za mwisho ni za fundi anayejua kazi, na kulipa kwake si aibu. Ila mpelekee boksi, diski ibaki nyumbani. Anachohitaji ni bodi. Hana haja na wiki mbili za watoto wako wakicheza sebuleni.

Diski inarudi

Rekoda ikiamka, usirudishe diski kwa furaha. Kwanza angalia saa. Rekoda nyingi zikipoteza mipangilio zinarudi 1970 ama 2000, na video mpya yenye tarehe ya 1970 itakutoa kijasho mbele ya hakimu. Pili, kama kuna tukio unalotafuta, nakili diski yote, baiti kwa baiti, kwenye diski ingine, kisha ufanye kazi kwa nakala. Ukiiunganisha kwa laptopu, Windows huenda ikasema haiijui na iombe kuifomati. Kataa. Rekoda nyingi zina muundo wao wa kupanga video ambao Windows haiuelewi, na hiyo haimaanishi diski imeharibika. Rekoda ikiuliza kama iandae diski upya, kataa pia. Tatu, zima kurekodi hadi utoe unachotaka, kwa sababu diski iliyojaa inaanza kufuta za zamani mara moja.

Na kama ilishafomatiwa? Acha kuitumia sasa hivi. Mara nyingi kufomati kwa haraka kunafuta orodha tu, video zenyewe zinabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yao. Mtaalamu anaweza kuzifikia. Kila saa inayorekodiwa baada ya hapo ni kama udongo mpya juu ya nyayo.

Kwa nini nasumbuka na hii

Kwa sababu kwetu kamera imekuwa shahidi ambaye haogopi. Baada ya Westgate, 2013, video za kamera za ndani ya jengo ndizo zilizofanya nchi iulize maswali kuhusu wanajeshi walioonekana wakibeba mifuko. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay, akaletwa Nairobi, na akafa akiwa kizuizini katika kituo cha polisi cha Central. IPOA iliambia Seneti kwamba ilikuta dalili za mfumo wa CCTV wa kituo hicho kuchezewa. Hiyo kesi ni ya mahakama na mahakama itasema yake. Lakini kizazi chetu kilijifunza siku hiyo kwamba diski ya rekoda si kitu cha mafundi peke yao.

Sheria inalielewa hili kuliko wengi wetu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu rekodi za kielektroniki kortini, pamoja na cheti kinachoeleza zilivyotolewa. Kinauliza pia kama mashine ilikuwa inafanya kazi sawasawa, na kama haikuwa, je, hitilafu hiyo iligusa rekodi yenyewe? Soma hilo swali tena ukifikiria rekoda iliyogoma kwa apdeti. Jibu la ukweli ni kwamba chipu iliharibika na diski haikuguswa. Ila unaweza kulisema hilo kortini ukiwa tu uliandika tarehe, saa na hatua ulizopitia. Ile karatasi uliyoona ni usumbufu ndiyo inayobeba ushahidi wako.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Unaponunua rekoda, muulize muuzaji mambo mawili kabla ya bei: faili la famuwea la modeli hii nalipata wapi, na ikigoma inafufuliwa vipi. Akikosa jibu, nenda duka la pili. Lipakue hilo faili siku hiyo hiyo ukiwa na rekoda nzima, liweke kwa flashi, ibandike ndani ya kifuniko pamoja na jina la modeli. Na siku fundi atakaposema "tufomati tu," mwambie atoe diski kwanza, akupe mkononi, halafu aendelee na boksi lake.